Sare ya Reykjavik, na ile yangu ya Jumamosi

Najua nimekuwa kimya, msinilaumu. Wiki mbili hizi zilikuwa test juu ya test, na bumu lenyewe lilishakata kitambo, kwa hiyo mtu unaishi kwa chai ya rangi na maandazi ya mkopo. Lakini leo nimeamua nikae niandike, maana kuna jambo linanikaa rohoni tangu Jumamosi na nisipolitoa sitaweza kusoma.

Basi iko hivi. Jumamosi tulikuwa na mashindano ya chesi baina ya hosteli (sataranji, kwa wale wazee wa Kiswahili sanifu). Raundi ya tatu nikapangiwa na kaka mmoja wa mwaka wa nne, Uhandisi. Jina lake nalihifadhi. Huyu bwana ana kiwango cha kimataifa, yaani ukienda kwenye orodha ya FIDE, lile shirikisho la chesi la dunia, unamkuta pale na namba yake. Mimi kwenye orodha hiyo sipo kabisa. Chesi yenyewe nimejifunzia hapahapa chuo, mwaka wa kwanza, kwa kumwangalia rumumeti wangu akicheza peke yake usiku umeme ukikatika.

Watu walikuja kuangalia nitafungwa hatua ya ngapi. Wengine walikuwa wanabishana kama nitafika ishirini. Sasa sijui ni bahati au kaka alikuwa amenidharau, tulipofika hatua ya thelathini na kitu mimi nilikuwa mbele kwa askari mmoja (zile kete ndogo za mbele), na mfalme wake alikuwa amekaa wazi kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Saa yangu ilikuwa na dakika saba, yake nne. Mikono ikaanza kunitetemeka. Nikamwangalia usoni, nikakumbuka namba yake, nikanyoosha mkono. "Kaka, tufanye sare?"

Alinipa mkono kabla sijamaliza sentensi. "Sawa mdogo wangu."

Basi bwana, watu wakanirukia. Nikapigiwa makofi, nikanunuliwa soda. Nilijiona nimeshika mwezi. Halafu jioni nakutana na kaka yule kwenye foleni ya msosi, akaniambia kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, mbona uliniachia? Ungeleta tu ile ngome yako katikati, mimi nilikuwa nimekwisha."

Soda yote ikageuka maji.

Sasa mimi ni mtu wa Historia, mnanijua, kila kinachonipata lazima nikitafutie mwaka na mahali kilipowahi kumpata mtu mwingine. Usiku ule sikulala, nikawa nafikiria sare nyingine, ya mbali sana na hapa, iliyopigwa tarehe 18 Machi 2004 mjini Reykjavik, Iceland. Wengi wenu wapenzi wa chesi mnaijua. Wasioijua wavumilie kidogo, nitaieleza polepole, kwa sababu nadhani ina jambo la kutufundisha sisi tunaoogopa majina makubwa.

Upande mmoja wa ubao alikaa Garry Kasparov. Mzaliwa wa Baku, mwaka 1963, kwa hiyo siku ile alikuwa na miaka 40. Mwaka 1985 alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 22 tu. Ubingwa ulimtoka mwaka 2000 aliposhindwa na Vladimir Kramnik mjini London, lakini kwenye orodha ya viwango bado alikuwa namba moja, na alikuwa ameishika nafasi hiyo tangu miaka ya themanini. Kiwango chake siku hiyo kilikuwa 2831. Kwa lugha ya mtaani, huyu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, wengine wote wapangaji.

Upande wa pili alikaa mtoto. Magnus Carlsen wa Norway, amezaliwa Novemba 1990, kwa hiyo alikuwa na miaka 13. Hebu piga hesabu: Kasparov alipochukua ubingwa wa dunia, huyu mtoto hajazaliwa bado, ilibaki miaka mitano mizima. Kiwango chake kilikuwa 2484. Si mdogo, jamani, kwa mtoto wa miaka 13 hicho ni kiwango cha kutisha. Januari ya mwaka huohuo alikuwa ameshinda kundi la C kwenye mashindano ya Wijk aan Zee kule Uholanzi, na magazeti yakaanza kumfananisha na Mozart. Tena jana yake tu, tarehe 17 Machi, palepale Reykjavik kwenye michezo ya kasi, alikuwa amemfunga Anatoly Karpov, naye bingwa wa zamani wa dunia. Hata hivyo, kati ya 2484 na 2831 kuna pengo la pointi 347. Hilo pengo nitalirudia, maana lina hesabu yake.

Mahali penyewe nako kuna historia. Reykjavik ndipo Bobby Fischer wa Marekani alipomshinda Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti mwaka 1972, kipindi kile kila kitu kilikuwa vita baridi, hata miraba 64 ya chesi. Kwa hiyo kwa watu wa chesi, kucheza Reykjavik ni kama timu ya mchangani kupewa uwanja wa taifa.

Mashindano yalikuwa ya mtoano, michezo ya haraka, kila jozi inacheza michezo miwili. Mchezo wa kwanza mtoto alipewa kete nyeupe. Kasparov akachagua ulinzi unaoitwa Cambridge Springs: hatua ya sita tu malkia mweusi anatoka kwenda pembeni, mraba wa a5, anamkodolea macho farasi wa mweupe. Jina hilo limetokana na mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambako kulifanyika mashindano makubwa mwaka 1904 na ulinzi huo ukatumika mara kadhaa. Mtaona kwamba kati ya 1904 na 2004 ni miaka 100 kamili. Hilo sidhani kama lina maana yoyote, ila mtu wa Historia akiona miaka 100 hawezi kunyamaza.

Picha za video za siku ile zipo, na ndizo zilizoufanya mchezo ule ukumbukwe na hata wasiojua farasi anarukaje. Unamwona Kasparov ameinama, ameshika kichwa, anakunja uso, anatikisa kichwa kama mtu anayesoma matokeo yake ukutani. Na mtoto? Mtoto anacheza hatua yake, anainuka, anaenda kuangalia meza za wengine! Anatembea mikono nyuma kama mkaguzi, anarudi, anakaa, anacheza, anainuka tena. Siyo kwamba ana dharau. Ana miaka 13, amechoka kukaa, na mezani mwa wenzake kuna mambo ya kuvutia.

Ubaoni hali ilikuwa hivi: mtoto akapata nafasi nzuri. Nasema nzuri kwa maana ya kwamba waliouchambua mchezo ule baadaye walikubaliana kuwa mtoto ndiye aliyekuwa na nafasi ya kushinda, na mkubwa ndiye aliyekuwa akitafuta pa kutokea. Lakini mchezo wa haraka una saa yake, na aliyekaa mbele yako ni Kasparov. Kidogokidogo nafasi ile ikapungua, ikapungua, mpaka hatua ya 52 wakapeana mikono. Sare. Nusu kwa nusu.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu hiyo "nusu kwa nusu" watu wanaiona kama jambo la kawaida tangu enzi za Adamu. Si kweli. Imetengenezwa, tena si zamani sana.

Kwenye mashindano makubwa ya kwanza ya kimataifa ya chesi, London mwaka 1851, sare haikuwa na thamani yoyote. Mkitoka sare, mnarudia mpaka mmoja afungwe. Mwaka 1867 kule Paris wakaja na jipya: sare ni sifuri kwa wote wawili. Yaani mmekesha saa nane mnapigana, hakuna aliyeshindwa, nyote mnaondoka mikono mitupu! Mwaka huohuo wa 1867, mjini Dundee, Scotland, ndipo wakaamua kila mmoja apate nusu pointi. Lakini hata baada ya hapo haikukubalika mara moja, kwani London mwaka 1883 bado walikuwa wanarudia sare mbili za kwanza, na ya tatu ndiyo inahesabiwa.

Fikiria mchezaji dhaifu kabla ya utaratibu wa Dundee. Umembana mkubwa, umetoka jasho, umepata sare. Kesho yake unaambiwa rudia. Na keshokutwa rudia. Mkubwa akishindwa leo kukufunga, atakufunga kesho, maana ana nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Kwa hiyo kurudia sare ni utaratibu wa kumpendelea mwenye nguvu, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo. Nusu pointi ilimpa mdogo kitu cha kuweka mfukoni. Mimi naiona kama moja ya sheria ndogo zenye haki kubwa, nanyi mnaosoma sheria mnirekebishe.

Lakini bado kulikuwa na tatizo. Nusu pointi ni ileile kwa wote, wakati watu hawakuingia ubaoni sawa. Hapo ndipo anaingia Arpad Elo. Huyu alikuwa mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani, akawa profesa wa fizikia Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, na mwenyewe alikuwa mchezaji mzuri wa chesi. Akatengeneza hesabu ya kupima nguvu ya mchezaji kwa namba. Shirikisho la Marekani likaanza kuitumia mwaka 1960, na FIDE mwaka 1970. Ndiyo maana tunasema kiwango cha Elo. Si kifupi cha maneno fulani, ni jina la mtu.

Hesabu yenyewe si ngumu, hata sisi wa Arts tunaiweza. Namba haisemi wewe ni bora kiasi gani duniani, inasema tu tofauti yako na mwenzako inatabiri nini. Mkiwa sawa, kila mmoja anatarajiwa kupata 0.5. Ukimzidi mwenzako pointi 200, unatarajiwa kupata takriban 0.76 kwa mchezo. Ukimzidi 400, takriban 0.91. Halafu baada ya mchezo wanatazama: umepata zaidi ya ulichotarajiwa au pungufu? Zaidi, unapanda. Pungufu, unashuka.

Sasa rudi kwenye lile pengo la 347. Kasparov alitarajiwa kupata takriban 0.88, mtoto 0.12. Kwa maneno mengine, wakicheza michezo 100, mkubwa anakusanya pointi 88 na mtoto 12. Sasa ikitoka sare, mtoto kapata 0.5 pale alipotarajiwa 0.12, zaidi ya mara nne. Mkubwa amepata 0.5 pale alipotarajiwa 0.88. Ukitumia kigezo cha 10, ambacho ndicho cha wachezaji wa juu, mmoja anapanda karibu pointi 4 na mwingine anashuka karibu pointi 4. Kwenye karatasi wameandikiwa nusu kwa nusu, lakini kwenye daftari la Elo mmoja kashinda na mwingine kapoteza. (Siku ile ya Reykjavik hazikuhesabiwa, kwa sababu ulikuwa mchezo wa haraka, na FIDE ilianza kutoa viwango vya michezo ya haraka mwaka 2012. Nimepiga hesabu tu ili mwone.)

Kwa hiyo kwa hesabu ya Elo, mimi Jumamosi nilishinda. Nashukuru. Lakini ndugu zangu, mbona basi sikulala?

Nimefikiria sana, nikaona Elo anahesabu mlivyoingia, hahesabu mlivyokuwa hatua ya thelathini. Namba ilijua mimi ni mdogo. Haikujua kwamba wakati nanyoosha mkono, ubaoni mkubwa nilikuwa mimi. Kwa hiyo sare ni neno moja lenye mambo mawili tofauti ndani yake. Kuna sare ya mtu aliyekuwa anazama akaokolewa, na kuna sare ya mtu aliyekuwa ufukweni akarudi majini mwenyewe. Matokeo yakibandikwa ukutani zinafanana. Mwanafunzi wa Historia akikuta matokeo tu kwenye kumbukumbu, bila hatua za mchezo, hatajua nani alishukuru na nani alilia. Ndiyo maana tunaambiwa kila siku tusiishie kwenye jedwali, twende tukasome barua.

Na tofauti yangu na yule mtoto wa Norway ndiyo hiyo. Yeye hakukimbia. Alicheza mpaka hatua ya 52, akajaribu kushinda, akashindwa kushinda. Mimi sikujaribu. Nilicheza na ubao mpaka hatua ya thelathini, halafu nikaacha ubao nikaanza kucheza na namba ya kaka. Mtoto yule alikuwa anainuka kuangalia meza nyingine kwa sababu Kasparov hakuwa amemjaa machoni. Mimi kaka wa Uhandisi alikuwa amenijaa macho yote mawili, sikuiona hata ngome yangu mwenyewe.

Kumbe hata wakubwa wa chesi waliliona tatizo la kupeana mikono mapema. Mwaka 2005, mashindano ya M-Tel Masters mjini Sofia, Bulgaria, waliweka sheria kwamba wachezaji hawaruhusiwi kukubaliana sare wenyewe kwa wenyewe, mpaka mwamuzi aridhike kwamba kweli hakuna kilichobaki ubaoni. Wengine wakaiga, wakaiita sheria ya Sofia. Ingekuwepo kwenye hosteli zetu, Jumamosi mwamuzi angeniambia, "Kaa chini wewe, cheza." Na mimi pengine ningefungwa, sikatai. Lakini ningelala.

Sasa nisije nikaonekana nahubiri kwamba viwango ni upuuzi. Hapana. Sikilizeni kilichotokea mchezo wa pili Reykjavik. Kasparov akachukua kete nyeupe, safari hii hakukuwa na mchezo. Akamfunga mtoto, na mtoto akatolewa kwenye mashindano. Yale 0.88 yakadai chao. Namba haikuwa imesema uongo, ilikuwa imesema tu kwamba ukimpa muda itasema kweli. Kwa hiyo anayeniambia "achana na viwango, kila mtu anaweza", namwambia pole pole ndugu yangu. Kila mtu anaweza siku moja. Kuweza siku ya pili ndiyo kazi.

Na kuna mtego mwingine hapa ambao mwalimu wetu mmoja anapenda kuusema: msisome historia kuanzia mwisho. Sare ile tunaikumbuka kwa sababu tunajua mtoto alikuja kuwa nani. Mwezi uliofuata, Aprili 2004, alikamilisha masharti ya kuwa grandmasta kwenye mashindano ya Dubai, bado na miaka 13 yake. Machi 2005 Kasparov akastaafu mashindano akiwa bado namba moja. Mwaka 2009 ikatoka habari kwamba Kasparov huyohuyo ndiye anamfundisha. Januari 2010 kijana akawa namba moja duniani, ana miaka 19. Januari 2013 akavunja rekodi ya kiwango ya Kasparov, iliyokuwa 2851 tangu mwaka 1999. Novemba 2013 akawa bingwa wa dunia kwa kumshinda Viswanathan Anand kule Chennai, India. Mei 2014 akafika 2882.

Ukijua yote hayo, ile sare inaonekana kama utabiri. Lakini siku yenyewe, 18 Machi, hakuna aliyejua. Watoto waliowahi kutoka sare na wakubwa ni wengi, na wengi wao leo ni wahasibu, madaktari, watu wa kawaida wanaolipa kodi. Sare zao zilikuwa nzuri vilevile. Hazina video tu. Kwa hiyo kama kuna mtu anataka kuniambia sare yangu ya Jumamosi ni dalili ya makubwa, ahsante, lakini tusiandike mwisho kabla ya katikati.

Jambo la mwisho ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Miaka 16 ilipita bila hawa wawili kukutana kwenye mchezo wa mashindano wa maana. Halafu Septemba 2020, kipindi kile dunia imejifungia kwa sababu ya korona, wakakutana tena kwenye mashindano ya mtandaoni yaliyoandaliwa Saint Louis, Marekani. Walicheza ile chesi ambayo kete za nyuma zinapangwa kwa bahati nasibu, mtindo uliotangazwa na Bobby Fischer mwaka 1996, Fischer yuleyule wa Reykjavik. Sasa Carlsen ndiye bingwa wa dunia, ana miaka 29. Kasparov ana miaka 57, mstaafu wa miaka 15. Pengo limegeuka, mkubwa amekuwa mdogo na mdogo amekuwa mkubwa.

Matokeo? Sare.

Nikiwa kitandani nilicheka peke yangu hadi rumumeti akaniuliza kama nina malaria. Maana mnaona, neno ni lilelile, nusu kwa nusu, lakini mwaka 2004 mzee ndiye aliyepaswa kujitazama, na mwaka 2020 kijana. Namba zilikuwa zimehama, ubao haukuhama.

Sasa turudi nyumbani. Jana nilipata ujasiri, nikamfuata kaka wa Uhandisi pale nje ya kantini. Nikamsalimia, nikamwambia, "Kaka shikamoo ya chesi." Akacheka, akaitikia. Nikamwomba anionyeshe ile ngome. Akatoa ubao wake mdogo wa kukunja kwenye begi, akapanga mchezo wetu wote kichwani bila kuangalia karatasi (hapo nikaelewa kwa nini yeye ana namba na mimi sina), akafika hatua ile niliyonyoosha mkono.

"Haya, cheza," akasema.

Nikaleta ngome katikati. Akacheza. Nikacheza. Hatua ya nne mbele nikakosea, farasi wake akanichapa uma, mfalme na ngome kwa pamoja, na mchezo ukageuka palepale. Nikafungwa.

Nikabaki nimeduwaa. Kwa hiyo kumbe Jumamosi ningefungwa? Kaka akaniambia kitu ambacho nakiandika hapa nisije nikakisahau: "Jumamosi hukujua kama utafungwa au utashinda, mdogo wangu. Mimi pia sikujua. Ndiyo maana nilikupa mkono haraka."

Basi. Hilo tu ndilo nililotaka kuwaandikia. Sare yangu inabaki sare, nusu pointi iko kwenye jedwali la hosteli na siirudishi, kwanza bila hiyo tungekuwa wa mwisho. Lakini Jumanne baada ya msosi wa jioni kaka amenikaribisha rumu kwake tucheze michezo miwili, kwa saa, na ameniambia mapema kwamba kwake mikono inanyooshwa mchezo ukiisha tu, kabla ya hapo hapana. Ameshajiwekea sheria yake ya Sofia. Nikifungwa yote miwili, nitawaambia. Nikitoka sare, nitawaambia pia ilikuwa ya aina gani.

Haya, niwaache, kesho asubuhi nina seminari na sijagusa hata ukurasa mmoja. Wale mnaodaiwa maandazi na mama wa kantini, mlipeni jamani, tunanyimwa wote.

Alamsiki.